Bei ya Mawe na Kokoto Mashambani Kakamega

Gharama ya mawe, kokoto na moramu katika Kaunti ya Kakamega hutokana na mambo manne: aina ya mwamba, kazi ya kuuchimba na kuuvunja, umbali kutoka timbo hadi mahali pa ujenzi, na kipimo kinachotumiwa wakati wa kuuziana. Mambo mawili ya kwanza hayamo mikononi mwa mnunuzi. Mawili ya mwisho yamo, na hapo ndipo familia nyingi za mashambani hupoteza fedha bila kujua. Jiwe lenyewe lina thamani ndogo likiwa bado ardhini. Huwa ghali kila linapoguswa, linapopakiwa na linaposafirishwa. Sura hii inaeleza bei hiyo hatua kwa hatua, kuanzia mwambani hadi kwenye msingi wa nyumba.

Mwamba wa Kakamega

Sehemu kubwa ya Kakamega imelala juu ya miamba ya kale sana, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Wanajiolojia huigawa katika makundi matatu. La kwanza ni miamba ya volkano ya kale iitwayo Nyanzian. La pili ni miamba ya mashapo iliyoifuata, iitwayo Kavirondian. La tatu ni granaiti iliyopenya kutoka chini ikiwa uji wa moto, kisha ikapoa na kuganda. Dhahabu iliyowavuta wachimbaji wengi Kakamega baada ya mwaka 1931, na kuzaa machimbo ya Rosterman karibu na mji, ilitoka katika miamba hiyohiyo.

Granaiti ndiyo inayoonekana kwa urahisi zaidi. Msafiri wa barabara ya Kisumu kwenda Kakamega huiona kwanza katika vilima vya Maragoli, Kaunti ya Vihiga, ambako majabali makubwa yamekaa hadi uani mwa watu. Akifika Ilesi huliona Jiwe Linalolia, jabali maarufu lililosimama kando ya barabara. Ni jiwe gumu na zito: mita moja ya ujazo ya granaiti isiyovunjwa ina uzito wa takribani tani 2.65. Ugumu huo huifanya kokoto yake iwe bora kwa konkriti, lakini pia huifanya iwe ngumu kuvunja, na kazi hiyo lazima ilipiwe.

Upande wa kaskazini mashariki, katika kaunti ndogo za Lugari na Likuyani, wajenzi wako karibu na uwanda wa Uasin Gishu, ambako mwamba mkuu ni fonolaiti, jiwe jeusi la volkano. Mkazi wa Likuyani kwa hiyo anaweza kupata kokoto kwa nafuu kutoka upande wa Eldoret kuliko kutoka matimbo ya kusini mwa kaunti yake mwenyewe. Mpaka wa kaunti haupunguzi gharama ya dizeli, na humfaa anayenunua jiwe kutazama ramani ya barabara kabla ya ramani ya utawala.

Kakamega haina jiwe laini la volkano linalokatwa kwa mashine kama lile la Ndarugo karibu na Juja, ambalo limejenga nyumba nyingi za Nairobi na Kiambu. Ndiyo sababu kuta nyingi za kijijini Kakamega hujengwa kwa matofali ya kuchomwa, na mawe hubaki kuwa ya msingi, sakafu, barabara na mitaro. Familia ikijua jambo hili mapema haitapoteza fedha kusafirisha mawe ya ukuta kutoka mbali ilhali udongo wa matofali uko jirani.

Kila aina na kazi yake

Mawe yanayouzwa hayafanani, na kuchanganya majina yake huleta hasara. Mawe makubwa ya kujazia msingi, ambayo mafundi huyaita hadikoo, huwa ya ukubwa wa ngumi hadi wa kichwa cha mtu. Hutandazwa chini ya sakafu, yakashindiliwa, kisha konkriti ikamwagwa juu yake. Kwa kuwa hayahitaji kuvunjwa sana, huwa ya bei ya chini kwa tani.

Kokoto, ambazo wengi huziita balasti, ni vipande vya milimita 10 hadi 20 hivi. Hizi ndizo huchanganywa na saruji na mchanga kutengeneza konkriti. Bei yake hupanda kwa sababu ya kazi ya kuvunja na kuchekecha. Vumbi la mawe, yaani mabaki laini ya mashine ya kusaga, hutumiwa kutengeneza matofali ya saruji na kulaza vigae vya uani.

Moramu ni udongo mwekundu wenye changarawe za chuma, ambao hupatikana chini ya tabaka la udongo wa juu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki zenye joto na mvua. Huchimbwa bila kuvunjwa, hivyo karibu gharama yake yote ni ya kuchimba, kupakia na kusafirisha. Ndiyo nyenzo kuu ya barabara za vijijini na vijia vya kuingilia bomani.

Mchanga hutoka mitoni, ikiwemo Isiukhu, Yala na Nzoia, na nyakati nyingine katika mashimo ya mashambani. Kuna onyo moja linalofaa kutolewa hapa. Mabaki ya kuosha dhahabu katika maeneo ya uchimbaji mdogo, kama Ikolomani na Rosterman, yanaweza kuwa na zebaki, kwa kuwa wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu. Mchanga wa aina hiyo haufai kuletwa nyumbani hata ukitolewa bure, hasa mahali ambapo watoto hucheza au maji ya kunywa hukingwa.

Kutoka mwambani hadi langoni mwa timbo

Kuna njia mbili za kuzalisha kokoto katika Kenya magharibi, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni mashine. Kampuni hulipua mwamba kwa baruti kwa kibali, hupeleka vipande kwenye mashine ya kusaga, kisha huchekecha kwa ukubwa tofauti. Kokoto za mashine hulingana kwa ukubwa na hupatikana kwa wingi siku yoyote. Bei yake hubeba gharama ya umeme au dizeli, vipuri na mishahara. Kampuni iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hutoza pia asilimia 16 ya kodi hiyo. Anayelinganisha bei lazima aulize kama kodi imo ndani au itaongezwa baadaye.

Njia ya pili ni mikono. Katika baadhi ya matimbo ya granaiti, vijana huwasha moto juu ya jabali hadi lipasuke, kisha hulitenganisha kwa mtaimbo na nyundo nzito. Vipande hununuliwa na wavunjaji, wengi wao wakiwa wanawake, ambao huketi na nyundo ndogo wakiviponda hadi viwe kokoto. Malundo yao huonekana kando ya barabara, na huuzwa kwa debe, kwa toroli au kwa lori. Bei hii haina kodi ya kampuni, ila ina jasho la siku nyingi kwa lundo moja. Mnunuzi anayejua kazi hiyo hatapigania shilingi chache kwa debe na mama anayevunja mawe juani. Atapata nafuu kubwa zaidi kwa kupanga usafiri vizuri.

Kokoto za mkono huweza kuwa imara sawa na za mashine ikiwa jiwe ni zima. Tatizo lake ni ukubwa usiolingana na, wakati mwingine, vipande vya jiwe lililooza. Jiwe lililooza hutambulika kwa rangi ya kutu au ya udongo, na hupondeka kwa kugongwa kidogo. Jiwe zima hulia kwa sauti kali likigongwa kwa nyundo, na mahali lilipovunjika pana ncha kali na punje zinazong'aa. Kokoto zilizo bapa mno nazo hudhoofisha konkriti, kwa kuwa huacha mianya inayohitaji saruji nyingi zaidi kuijaza.

Safari ya lori

Usafiri ndio sehemu inayobadilika zaidi katika bei ya jiwe. Lori la tani 10 lililojaa, kwenye barabara za vilima vya Kakamega, hutumia lita moja ya dizeli kwa kilomita chache tu, na hurudi tupu likiendelea kutumia. Mwenye lori hujumlisha dizeli, magurudumu, matengenezo, dereva na wapakiaji, kisha hugawa kwa safari. Bei ya dizeli yenyewe hutangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwezi Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara nao ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mabadiliko kama hayo hufika kwenye bei ya kokoto haraka kuliko mabadiliko yoyote ya timboni.

Mfano ufuatao wa hesabu unaonyesha nguvu ya umbali. Takwimu zake ni za kufundishia tu, na kila mnunuzi ataweka bei za siku yake. Ichukuliwe kwamba timbo la kwanza liko kilomita 10 kutoka bomani na huuza tani kwa shilingi 1,200. Timbo la pili liko kilomita 40, na huuza kwa shilingi 900. Lori hubeba tani 10, na gharama yake ni shilingi 100 kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Mzigo kutoka timbo la karibu utagharimu shilingi 12,000 za mawe na 2,000 za usafiri, jumla 14,000. Mzigo kutoka timbo la mbali utagharimu shilingi 9,000 za mawe na 8,000 za usafiri, jumla 17,000. Timbo lenye bei nafuu langoni limegeuka kuwa ghali kwa shilingi 3,000 kila safari. Swali la kumuuliza muuzaji kwa hiyo ni bei ya mzigo uliomwagwa bomani, kwa kipimo kinachojulikana.

Safari ya kurudi tupu inaweza kugeuzwa faida. Malori hupeleka miwa, mahindi na bidhaa nyingine Kisumu, umbali wa takribani kilomita 50 kutoka mji wa Kakamega, na mengine huelekea Webuye na Eldoret. Dereva anayerudi bila mzigo hukubali bei ya chini kuliko anayetoka mahususi kwa kazi ya mtu mmoja. Matrekta yenye matela ya miwa hufanya vivyo hivyo kwa safari fupi, hasa pale lori haliwezi kupita.

Mita 200 za mwisho mara nyingi huamua gharama. Njia nyembamba, daraja la mbao, mteremko wenye utelezi au lango lisilopitisha lori humlazimu dereva kumwaga mzigo barabarani. Hapo mawe hubebwa mara ya pili kwa toroli, na malipo ya vibarua huongezeka. Mzigo ulioachwa kando ya barabara pia huzuia wapita njia, hupungua kwa kuokotwa, na hunyeshewa na kuchanganyika na matope. Kupanua lango na kuimarisha kijia kabla ya kuagiza kokoto ni kazi ya siku moja au mbili, na hurudisha gharama yake katika mizigo michache ya kwanza.

Kipimo: tani, lori na debe

Kijijini mawe huuzwa kwa lori, si kwa mizani. Neno "lori" halina ujazo mmoja. Lori la "tani 7" la mtu mmoja linaweza kubeba zaidi ya lile la "tani 10" la mwingine, kutegemea kimo cha bodi na jinsi lilivyojazwa. Tiba yake ni futi ya kupimia. Urefu, upana na kimo cha mzigo ndani ya bodi vikipimwa kwa mita na kuzidishwa, hupatikana ujazo. Bodi yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2.2 na mzigo wa kimo cha mita 0.8 ina mita 7 za ujazo. Kokoto zilizomwagwa huwa na uzito wa takribani tani 1.5 kwa mita ya ujazo, hivyo mzigo huo ni kama tani 10.5.

Debe nalo lina hesabu yake. Debe la lita 20 huingia mara 50 katika mita moja ya ujazo. Kwa uzito wa tani 1.5 kwa mita ya ujazo, debe moja la kokoto lina kama kilo 30, na tani moja ni madebe 33. Bei ya debe ikizidishwa kwa 33 hutoa bei ya tani, na hapo malundo ya kando ya barabara yanaweza kulinganishwa na kampuni ya mashine kwa haki. Debe ni nafuu kwa kazi ndogo kama kiti cha tangi la maji au sakafu ya choo. Kwa kazi kubwa, lori hushinda mara nyingi.

Mambo matatu hubadilisha kipimo njiani. Kwanza, mzigo hutulia kwa kutikisika, hivyo kimo chake bomani huwa chini kuliko timboni hata kama hakuna kilichoibwa. Mnunuzi na muuzaji wakubaliane mapema kipimo kichukuliwe wapi. Pili, moramu na mchanga uliolowa huwa na uzito wa maji, na anayenunua kwa tani hulipia maji hayo. Tatu, mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, na ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo nzima ukilinganishwa na mchanga mkavu. Anayenunua kwa ujazo basi hupata mchanga pungufu kuliko anavyodhani.

Sheria za uzito barabarani nazo hugusa hesabu. Kikomo cha jumla kwa lori la ekseli mbili ni tani 18, na kwa ekseli tatu ni tani 26, uzito wa gari lenyewe ukiwemo. Muuzaji anayeahidi tani 20 katika lori la ekseli mbili anavunja sheria au anataja uzito usiokuwepo. Katika hali zote mbili mnunuzi ana sababu ya kutoa futi yake.

Hesabu ya kazi mbili

Kazi ya kwanza ni kijia cha kuingilia bomani chenye urefu wa mita 60, upana wa mita 3 na unene wa sentimita 15 za moramu iliyoshindiliwa. Ujazo wake ni 60 mara 3 mara 0.15, yaani mita 27 za ujazo. Moramu iliyolegea hupungua ikishindiliwa, hivyo huagizwa zaidi kwa kama asilimia 30: mita 35. Kwa lori la mita 7, hizo ni safari 5. Kila lori likileta mita 6 badala ya 7, kijia hakitafika sentimita 13, na mvua ya kwanza kubwa itaanza kuonyesha mashimo. Hasara ya mita moja kwa kila safari haionekani siku ya kumwaga, ila hulipiwa mwaka unaofuata.

Kazi ya pili ni nyumba isiyo na ghorofa yenye sakafu ya mita 10 kwa 8. Konkriti ya sakafu yenye unene wa sentimita 10 ni mita 8 za ujazo. Kanda za msingi chini ya kuta, zikiwa na urefu wa jumla wa mita 50, upana wa mita 0.6 na unene wa mita 0.2, ni mita 6 nyingine. Jumla ni mita 14. Kwa mchanganyiko wa saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4, kila mita ya konkriti huhitaji kama mita 0.9 ya kokoto, mita 0.45 ya mchanga na mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50. Hivyo kokoto ni mita 12.6, na kwa kuongeza asilimia 8 za upotevu hufika 13.6. Malori mawili ya mita 7 yanatosha. Mchanga ni mita 6.3 kabla ya upotevu, na saruji ni mifuko 91.

Chini ya sakafu hiyo mawe ya kujazia yenye unene wa sentimita 30 ni mita 24 yakishindiliwa, au kama mita 30 yakiwa yamelegea. Hizo ni safari 5, zaidi ya mara mbili ya safari za kokoto. Wengi hupanga bajeti wakiwaza kokoto na saruji, kisha hushtushwa na mawe ya kujazia. Kiasi chake hutegemea mteremko wa kiwanja: upande wa chini wa mteremko unaweza kuhitaji mjazo wa mita nzima. Kuisogeza nyumba mita chache hadi mahali palipo sawa, kabla ya kuchimba, kunaweza kuokoa malori kadhaa.

Msimu wa kununua

Kakamega ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini Kenya, na miezi yenye mvua chache zaidi ni Desemba hadi Februari. Katika miezi hiyo barabara za udongo hupitika, mashimo ya moramu hayajai maji, na lori hufika hadi uani. Mvua kubwa zinapoanza mwezi Machi au Aprili, malori hukwama, matimbo mengine hufungwa, na bei hupanda. Mahitaji nayo huongezeka miezi ya ukame, kwa kuwa wengi hujenga wakati huohuo na watu wa mijini hurudi nyumbani Desemba. Anayeweza kununua mawe ya kujazia mapema hufanya vyema, kwa kuwa hayaharibiki kwa mvua. Kokoto pia hukaa, zikiwekwa juu ya ardhi ngumu na kuzuiwa zisichanganyike na udongo. Saruji ndiyo isiyopaswa kuwekwa muda mrefu.

Sheria, ushuru na ardhi

Bei halali ya jiwe huwa na ushuru wa kaunti ndani yake. Kaunti hutoza machimbo na usafirishaji wa mazao yake kwa viwango vinavyowekwa katika sheria yake ya fedha, na dereva hutakiwa kuwa na risiti. Mnunuzi na aulize ni nani analipa, kwa kuwa lori likizuiwa njiani bila risiti, gharama ya kusubiri huishia kwake.

Familia nyingi hujiuliza kama zinaweza kuchimba mawe katika shamba lao wenyewe. Kuokota mawe yaliyotapakaa shambani kwa matumizi ya nyumbani na kufungua timbo la biashara ni mambo mawili tofauti. Sheria ya Madini ya 2016 inahesabu mawe ya ujenzi miongoni mwa madini na inataka kibali cha kuyachimba kwa biashara. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inaweka machimbo katika miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Uvunaji wa mchanga una mwongozo wa kitaifa wa NEMA wa mwaka 2007.

Kuna pia gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Shimo la moramu lililoachwa wazi hujaa maji, huzaa mbu na huhatarisha watoto na mifugo. Kingo zake huporomoka wakati wa mvua na huweza kuwafukia wachimbaji. Familia inayokodisha sehemu ya shamba kwa wachimbaji inapaswa kuandika katika mapatano kina cha shimo, tarehe ya mwisho, nani atarudisha udongo wa juu na nani atapanda nyasi au miti. Ekari moja iliyoharibiwa hupoteza mavuno ya miaka mingi, na fedha za kukodisha mara chache hufidia hasara hiyo.

Kupunguza gharama bila kudhoofisha kazi

Hatua ya kwanza ni maji. Kijia kisicho na mitaro humeza moramu kila mwaka hata kikirekebishwa mara ngapi. Mitaro pande zote mbili, mgongo ulioinuka katikati na mkondo wa kutolea maji kila penye mteremko hufanya tabaka moja la moramu lidumu. Kazi hiyo ni ya jembe na beleshi, na inapaswa kutangulia lori la kwanza.

Hatua ya pili ni kushindilia. Moramu inyunyiziwe maji kiasi cha kushikana mkononi bila kuchuruzika, itandazwe kwa matabaka ya sentimita 10 hadi 15, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine. Kumwaga unene wote mara moja na kuacha magari yashindilie huacha sehemu ya chini ikiwa laini.

Hatua ya tatu ni kuungana. Majirani watatu wanaohitaji mizigo miwili miwili wakiagiza pamoja huwa na nguvu ya kupatana bei na kugawana gharama ya kufungua njia. Vikundi vya akiba vya vijijini vinafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa tayari vina utaratibu wa kuchanga na kuweka kumbukumbu. Malipo kwa M-Pesa baada ya mzigo kupimwa huacha ushahidi ambao fedha taslimu haziachi.

Hatua ya nne ni kutumia kila jiwe mahali pake. Shimo la kunyonya maji machafu linaweza kujazwa mawe makubwa yasiyovunjwa. Vipande vya matofali yaliyochomwa vizuri hufaa kwa mjazo wa njia ya miguu. Penye konkriti inayobeba uzito, yaani kanda za msingi, nguzo na vizingiti, pasipunguzwe kokoto wala kubadilishwa na jiwe lililooza, kwa kuwa kasoro ya hapo hairekebishiki bila kubomoa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi wa Kakamega anapaswa kuwa na karatasi yenye mambo matano: ujazo unaohitajika, vipimo vya bodi ya lori, bei ya mzigo uliofikishwa bomani, jina la anayelipa wapakiaji na ushuru, na mahali mzigo utakapomwagwa. Karatasi hiyo na futi ya mita 5 ni nafuu kuliko madebe machache ya kokoto, na hulinda fedha za ujenzi mzima. Kila familia inayopanga kujenga iandike karatasi hiyo kabla ya kumpigia simu mwenye lori.